Kofia ya plastiki

Kompanyi ya ndeke ikishusha bei ya tiketi, lazima ikate fasi fulani. Ikikata chakula, ikikaza viti mpaka magoti inagusa mbele, tunanungunika tu, tunafika. Kuko fasi ingine yenye mupasenja haone.

Tuangalie ValuJet ya Marekani. Ilianza mwaka 1993 na ndeke za zamani, DC-9, bila kugawa chakula. Kazi ya kutengeneza ndeke, iliachia wengine. Nyinyi wa mine, sous-traitance munaijua. Mafundi wa kompanyi SabreTech walitosha mu ndeke zingine za ValuJet vyombo vya kutoa oksijeni, vyenye vinapata moto sana vikianza kutumika. Kila chombo kilipaswa kufungwa na kofia ndogo ya plastiki, kitu cha makuta kidogo. Kofia hazikukuwa. Kwenye karatasi waliandika kama kazi imefanyika, wakatia sinyatire. Masanduku 5 yakapakiwa mu ndeke ya batu. Karatasi ilisema vyombo ni bitupu.

Tarehe 11 mwezi wa tano 1996, ile ndeke iliruka toka Miami. Kisha dakika kumi hivi, ikaanguka mu maji na matope ya Everglades. Batu 110 walikufa, wote. Mu fasi ya mizigo hamukukuwa chombo cha kusikia moshi, wala cha kuzima moto. Sheria haikuvilazimisha, ililazimisha mu 1998.

ValuJet ilisimamishwa mu mwezi wa sita, ikaruka tena mu mwezi wa kenda. Mwaka 1997 ikachukua jina ingine: AirTran.