Ulinganifu wa Usimamizi wa Bima Mtawanyo

Bima mtawanyo ni bima ambayo kampuni ya bima hujikatia yenyewe. Kampuni iliyobeba hatari kubwa, kama ya tufani, huigawia kampuni nyingine sehemu ya mzigo huo, nayo aghalabu huwa ng'ambo. Mtu aliyeikatia nyumba yake bima hana habari ya mkataba huo wa pili. Lakini siku nyumba ikibomoka, huenda fidia yake ikategemea fedha zilizo chini ya sheria za nchi asiyoijua. Kwa hiyo msimamizi wa bima wa nchi yake hana budi kuuliza: je, msimamizi wa ng'ambo aweza kutegemewa?

Zamani jawabu la kawaida lilikuwa dhamana. Nchini Marekani, kwa muda mrefu, kampuni ya kigeni isiyo na leseni huko ilitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 100 ya wajibu wake. La sivyo, kampuni iliyokatiwa bima hiyo haikuweza kuihesabu katika vitabu vyake. Dhamana hulinda, walakini ina gharama, maana fedha zilizofungiwa mahali pamoja haziwezi kulipa hasara ya mahali pengine.

Njia ya pili ni kuutambua usimamizi wenyewe. Umoja wa Ulaya uliiweka njia hiyo katika kifungu cha 172 cha sheria yake ya bima ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2016. Nchi ya nje ikitambuliwa, mikataba ya kampuni zake za bima mtawanyo huhesabiwa kama ya kampuni za Ulaya, wala hazidaiwi dhamana kwa sababu ya ugeni wao.

Hapa uteuzi wa neno wataka uangalifu. Likitumiwa neno "usawa", msomaji aweza kudhani kwamba sheria za nchi mbili sharti zifanane. Neno "ulinganifu" lafaa zaidi. Kibaba cha mchele na kibaba cha mtama hulingana kwa kipimo, wala hakuna asemaye kuwa mchele ni mtama. Kadhalika kinachopimwa hapa ni matokeo, yaani kiasi cha ulinzi apatacho mwenye bima, si maneno ya sheria.

Mambo yanayochunguzwa ni mengi. Msimamizi awe na uwezo wa kisheria wa kutoa leseni na kuadhibu, na watu na fedha za kutosha kwa kazi hiyo. Wakuu wa kampuni wawe waaminifu na wajuzi. Mtaji upimwe kwa ukubwa wa hatari. Tena watumishi wa msimamizi, waliomo kazini na waliokwisha kutoka, wafungwe na wajibu wa kutunza siri. Pasipo hilo wasimamizi wa nchi mbili hawawezi kupashana habari. Mamlaka ya bima ya Ulaya, yenye makao yake Frankfurt, huchunguza na kutoa ushauri. Kamisheni ya Ulaya ndiyo inayoamua, na Bunge la Ulaya na Baraza la nchi wanachama huweza kupinga.

Maamuzi ya mwaka 2015 yaonyesha kwamba jawabu si lazima liwe ndiyo au la tu. Uswisi ilikubaliwa kikamilifu. Bermuda, visiwa vyenye kampuni nyingi za bima mtawanyo, ilikubaliwa pia, ila kampuni zilizoundwa na wafanyabiashara ili kujikatia bima wenyewe ziliachwa nje, kwa kuwa husimamiwa kwa kanuni nyepesi zaidi. Japani ilipewa utambuzi wa muda katika bima mtawanyo, mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020.

Njia hizi mbili zilikutana katika mapatano ya Marekani na Umoja wa Ulaya yaliyotiwa sahihi Septemba 2017. Dhamana huondolewa pande zote mbili, lakini kampuni yenyewe sharti iwe na mtaji uliotajwa, kwa upande wa Ulaya euro milioni 226, na desturi ya kulipa madai kwa wakati.

Sharti hilo lina maana yake. Kumtambua msimamizi si kuidhamini kila kampuni iliyo chini yake, kwa kuwa hata kampuni inayosimamiwa vyema huweza kufilisika. Anayeiondoa dhamana ameweka mahali pake imani katika kazi ya mtu mwingine, na imani hiyo haina budi kupimwa tena kila sheria za upande mmoja zinapobadilika.