Umevuka Miaka 40? Usiishie kwa Muuza Miwani

Fundi cherehani aliyezoea kutunga uzi bila shida anaanza kumwita mtoto amtungie. Mama anachagua mchele, lakini chenga za mawe zinampita. Mwingine hawezi kusoma ujumbe wa simu mpaka aisogeze mbali na uso. Wote hawa wanaliona vizuri basi linalotokea mbali. Kinachowashinda ni cha karibu. Wengi wao wameshavuka miaka 40.

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi. Ujanani huwa laini: ukitazama kitu cha karibu, misuli midogo inayoizunguka hujikaza, nayo lenzi ikanenepa na kukileta kitu hicho sawasawa. Umri unavyosonga, lenzi hukakamaa. Misuli bado inajikaza, ila lenzi haibadiliki umbo. Huu si ugonjwa, ni umri, na hakuna karoti wala mazoezi ya macho yatakayoirudishia lenzi ulaini wake.

Kinachosaidia ni miwani ya kusomea. Wengi huanza na namba +1.00, na wakikaribia miaka 60 hufika +2.50 hivi. Namba hupanda kwa kuwa lenzi inaendelea kukakamaa, wala si miwani iliyoharibu macho. Kwa hiyo anayeikataa kwa kuogopa kwamba macho “yatazoea” anajitesa bure, tena anapoteza kipato. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai wa Assam, India, waliopewa miwani ya kuonea karibu walizidi wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20 katika kiasi cha chai walichochuma.

Miwani iliyo tayari, hata ile ya kwa machinga, inaweza kukufaa kusomea. Lakini anayekuuzia hachungulii ndani ya jicho, na katika umri huu yapo maradhi yanayojificha humo. La kuogopwa zaidi ni presha ya macho. Huua polepole mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, mara nyingi bila maumivu, ikianza kupunguza uwezo wa kuona pembeni huku katikati kukiwa bado safi. Mgonjwa hushtuka amechelewa, na kilichopotea hakirudi. Matibabu hulinda kilichobaki. Kama mzazi au ndugu yako wa damu ana ugonjwa huu, wewe uko hatarini zaidi.

Mtoto wa jicho naye ana hila zake. Mzee aliyekuwa hasomi bila miwani anaanza ghafla kusoma bila miwani, nyumbani wakashukuru kwamba macho yamepona. Mara nyingi ni lenzi inayoanza kupata ukungu, na nafuu hiyo haidumu. Habari njema ni kwamba upasuaji huiondoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia.

Basi ukiona maandishi yanakushinda, nenda kapimwe macho yote mawili, na uombe upimwe presha ya macho na mshipa wa fahamu wa jicho uangaliwe. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Jicho likiuma na kuwa jekundu huku uoni ukififia, au ukiona kama pazia limeshuka mbele yake, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Usitie majimaji ya majani, wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani.