Ibra, Eto'o na hesabu ya Ferrari ya mtumba

BARCELONA, HISPANIA

MSIMU wa 2009/10, mazoezini kwa Barcelona kulikuwa na sheria ambayo kila staa aliijua. Unakuja na Audi uliyopewa na mdhamini wa klabu. Ferrari na Porsche zibaki nyumbani. Kocha Pep Guardiola hakutaka mbwembwe.

Zlatan Ibrahimovic alivumilia, kisha siku moja akachoka. Akawasha Ferrari Enzo yake, akaenda nayo hadi mazoezini na kuiegesha mbele kabisa ya jengo. Mwenyewe alikuja kukisimulia kisa hicho kwenye kitabu cha maisha yake. Ikawa gumzo.

Wengi walicheka, lakini ndani ya kisa hicho kuna ndinga mbili za ndoto. Ya kwanza ni hiyo Enzo. Ya pili ni Ibra mwenyewe. Barcelona ilimpata kwa staili ileile wanayotumia wenye magari ya spoti wanapolisaka gari la ndoto lililokwishatumika: unapeleka ulilonalo, unaongeza pesa juu, unaondoka na funguo nyingine.

Biashara hiyo ina utamu wake na ina uchungu wake. Barcelona ilivionja vyote viwili ndani ya miezi 13 tu.

Pesa peke yake haitoshi

Enzo ilitambulishwa mwaka 2002 kwenye maonyesho ya magari ya Paris. Ina injini ya V12 ya lita sita, nguvu za farasi 660 na mwendo unaofika kilomita 350 kwa saa. Ilipewa jina la mwanzilishi wa kampuni, Enzo Ferrari, aliyefariki dunia mwaka 1988.

Kwa ajili ya wateja yalitengenezwa magari 399 tu. Likaongezwa moja, la 400, ambalo alipewa Papa Yohane Paulo II ili lipigwe mnada na fedha zake ziende kwa waathirika wa tsunami.

Bei ya dukani ilikuwa takriban dola 650,000. Kwa staa wa Ulaya hiyo si pesa ya kumkosesha usingizi. Tatizo ni kwamba mkwanja peke yake haukutosha. Ferrari ilianza na wateja wake wa zamani, hasa waliokuwa wameshanunua F40 na F50. Kijana wa miaka 22 aliyeanza kushika pesa ndefu juzi, hata awe na mabao kibao, hana historia hiyo. Mpaka leo ndiyo staili ya Maranello kwenye magari yake ya toleo maalumu: wao ndio wanaochagua nani auziwe.

Kwa hiyo wengi waliobaki nje ya orodha wana mlango mmoja tu. Wanamfuata aliyenunua kwanza, au muuzaji aliyelipata kwake. Kwa lugha ya mtaani, wananunua mtumba. Na kwa kuwa wenye kutamani magari hayo mara nyingi wana magari mengine ya spoti nyumbani, hayo ndiyo yanayowekwa mezani. Porsche inatoka, Ferrari ndogo inatoka, pesa inaongezwa, ndoto inaingia getini.

Mbili kwa moja, na pesa juu

Aliyewahi kubadilisha gari yadi anaijua hesabu yake, hata kama lake lilikuwa Toyota. Muuzaji hakupi bei ambayo gari lako lingeuzwa mtaani. Anatoa gharama za matengenezo, anatoa muda ambao gari litakaa likingoja mteja, anatoa na faida yake. Kinachobaki ndicho chako.

Ukitoa gari moja, unakatwa mara moja. Ukitoa mawili, unakatwa mara mbili. Halafu hilo unalolitaka unauziwa kwa bei yake kamili, maana muuzaji ameshaona macho yako yanavyong'aa.

Faida ipo pia. Unamaliza kila kitu kwa siku moja, bila kusumbuliwa na watu wanaokuja "kuangalia tu". Katika majimbo mengi ya Marekani kodi ya mauzo hukatwa kwenye tofauti ya bei pekee, jambo linalompa nafuu anayebadilisha. Mwenye subira huuza mwenyewe kwanza, kisha akaenda dukani na pesa taslimu.

Ila kosa kubwa la biashara hii halimo kwenye karatasi. Ni kulidharau gari ulilonalo kwa sababu umelizoea. Linawaka kila asubuhi, halijawahi kukuacha njiani, lakini hulioni tena. Unaliona lile la dirishani.

Julai 2009, gari la zamani la Barcelona liliitwa Samuel Eto'o. Straika huyo wa Cameroon alikuwa ametoka kufunga mabao 36 kwa msimu, 30 kati yake ya La Liga. Mei 27, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Rome, yeye ndiye aliyefungua hesabu dhidi ya Manchester United dakika ya 10. Barcelona ikashinda 2-0 na kubeba mataji matatu makubwa kwa mpigo.

Miezi miwili haikupita. Barcelona ikampeleka Eto'o Inter Milan na kuongeza zaidi ya Euro 45 milioni ili impate Ibrahimovic. Kwenye hesabu za dili hilo, Eto'o alipigiwa bei ya takriban Euro 20 milioni.

Kinachouma zaidi ni umri. Eto'o amezaliwa Machi 1981, Ibra Oktoba 1981. Kama ni magari, yote mawili ni ya mwaka mmoja. Barcelona haikuwa inatoa la zamani ili ipate jipya. Ilitoa lililotumika na kuchukua lililotumika, kisha ikaongeza mamilioni kwa sababu lile lingine lilikuwa la ndoto.

Fungua boneti, kisha itazame barabara

Anayenunua gari la aina hii bila kumlipa fundi alikague kwanza anacheza bahati nasibu. Kitabu cha matengenezo kinasomwa ukurasa kwa ukurasa. Namba ya chesisi na ya injini zinalinganishwa na karatasi. Kwenye Ferrari za gia za usukani kama Enzo, fundi anachomeka kompyuta na kusoma klachi imelika kiasi gani. Breki zake za kaboni na kauri zikiisha, bili yake si ya mchezo.

Hata kilomita chache si lazima ziwe habari njema. Gari lililofungiwa gereji miaka mingi matairi yake yanazeeka bila kutembea, na mipira ya kuzuia mafuta yasivuje inakauka. Kuna nyingine bei ya kununua ni ya chini, ya kumiliki ni noma. Ferrari F355 ya miaka ya 1990, kwa mfano, kubadilisha mkanda wa taimingi kunahitaji injini nzima ishushwe.

Kwa Ibra, boneti lilifunguliwa na injini ikakutwa safi. Alitoka kuwa mfungaji bora wa Serie A akiwa na mabao 25. Inter ilikuwa imebeba ubingwa wa Italia misimu yote mitatu aliyokuwapo.

Lakini ukaguzi una swali la pili, ambalo mwenye hamu huliruka. Gari hili utalipitisha barabara gani? Enzo ina viti viwili, ipo chini kabisa na upana wake unazidi mita mbili. Ni mfalme kwenye lami tupu. Mtaa wa matuta na vichochoro hauiwezi.

Barabara ya Barcelona ilishaanza kubadilika kabla Ibra hajatua. Mei 2, 2009, pale Santiago Bernabeu, Guardiola alimtoa Lionel Messi pembeni na kumweka katikati, akiwa anashuka na kupanda. Real Madrid ilikula 6-2. Siku hiyo Eto'o alisogea pembeni na mambo yakaenda. Eneo lile la katikati ndilo ambalo straika mrefu, mzito, anayetaka mpira miguuni, angekuja kulidai.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Ibra alifunga kwenye mechi zake tano za kwanza za La Liga. Novemba 29 aliipiga Real Madrid bao pekee pale Camp Nou. Machi 2010 aliitungua Arsenal mara mbili jijini London. Alimaliza msimu na mabao 21, na Barcelona ikachukua ubingwa ikiwa na pointi 99. Asiyeijua hadithi atasema dili lilijibu.

Lakini kadiri Messi alivyohamia katikati ndivyo Ibra alivyobanwa. Yeye na kocha wakafika mahali hawaongei. Baadaye alijilinganisha na Ferrari ambayo mwenyewe hajui kuiendesha. Guardiola naye alikuwa na timu ya kuendesha, na timu hiyo ilikuwa inakwenda vizuri zaidi bila gari hilo barabarani.

Walipokutana uso kwa uso

Mpira una tabia ya kuleta bili mezani mapema. Aprili 2010, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa iliwakutanisha Barcelona na Inter. Majivu ya volkano ya Iceland yalikuwa yamefunga anga la Ulaya, hivyo Barcelona ikasafiri kwa basi karibu kilomita 1,000 hadi Milan. Ikachapwa 3-1. Ibra alitolewa kipindi cha pili.

Marudiano yalikuwa Aprili 28. Thiago Motta wa Inter alilimwa kadi nyekundu dakika ya 28, na kilichofuata kilikuwa Barcelona kushambulia na Inter kulinda. Ibra akatolewa tena kabla mechi haijaisha. Upande wa pili, Eto'o, straika wa mabao 36, alikuwa anakaba pembeni kama beki wa kuzaliwa. Gerard Pique alifunga dakika za mwishoni, lakini 1-0 haikutosha.

Hilo ndilo ambalo bei ya Euro 20 milioni haikulionyesha. Eto'o alikubali kupita barabara yoyote aliyopewa.

Bei ya kuuzia

Agosti 2010, miezi 13 baada ya kutambulishwa, Ibra alipelekwa AC Milan kwa mkopo wenye kipengele cha kumnunua kwa Euro 24 milioni. Milan ikakitumia mwaka uliofuata. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya Euro 45 milioni na Eto'o vilitoka, Euro 24 milioni zikarudi. Na ili kuziba pengo la straika, Barcelona ilikuwa imeshatoa Euro 40 milioni kumchukua David Villa kutoka Valencia.

Ferrari Enzo yenyewe ilikwenda njia tofauti kabisa. Lile gari la Papa liliuzwa Euro 950,000 mwaka 2005. Miaka 10 baadaye, kwenye mnada wa Monterey, Marekani, lilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni sita. Ni kweli jina la Papa lina uzito wake, lakini Enzo za kawaida nazo zinauzwa kwa mamilioni. Sababu ni nyepesi: yako 400, na kiwanda hakitatengeneza mengine.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Wanaiona Enzo ikipanda, wanadhani kila gari la spoti la mtumba ni akiba ya uzeeni. Yanayopanda ni machache. Mengi yanafanana na mchezaji wa miaka 28: kila msimu unaopita unakata bei, na jeraha moja linaimaliza. Kulinunua gari la ndoto ili ulifurahie si dhambi. Kulinunua ukijiambia ni uwekezaji, huku umetoa mawili yaliyokuwa yanakupeleka kazini, hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa haki, Ibra hakuwa gari bovu. Msimu wake wa kwanza Milan alibeba ubingwa wa Italia. Alipewa barabara pana, akakanyaga mafuta. Barcelona nayo haikufa. Mei 2011 iliifunga Manchester United 3-1 pale Wembley na kuchukua tena Ligi ya Mabingwa, Messi akiwa katikati na Villa akifunga la tatu. Kila mmoja alipona baada ya kuachana.

Lakini msimu ule wa 2009/10 haurudi. Fainali yake ilichezwa Mei 22 pale Santiago Bernabeu, nyumbani kwa Real Madrid, mahali ambapo kila shabiki wa Barcelona alikuwa anaota kuona nahodha wake akinyanyua kombe. Inter iliifunga Bayern Munich 2-0, yote yakiwa ya Diego Milito, na kukamilisha mataji matatu.

Eto'o alikuwa uwanjani. Akawa mchezaji wa kwanza kubeba mataji matatu ya namna hiyo misimu miwili mfululizo na klabu mbili tofauti. Kombe ambalo Barcelona ililitaka kuliko yote mwaka ule lilinyanyuliwa na mtu waliyemtoa wakaongeza na pesa juu.