Si Kila Uvimbe ni Saratani

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza habari za uvimbe uotao mwilini, kwa maana wako wadhanio kwamba kila uvimbe ni mauti, na wako wengine waudharauo hata wakati wa kutibiwa ukawapita.

Uvimbe ni wa namna mbili. Wa kwanza hukua polepole, hukaa mahali pake, wala hausambai. Huo, ukimsumbua mtu, daktari huukata, na kwa kawaida mambo huishia hapo. Wa pili ni saratani. Huo hupenya katika nyama zilizo karibu, kisha chembe zake huchukuliwa na damu mpaka viungo vingine, zikaota huko. Jicho na mkono havitoshi kupambanua namna hizi mbili. Kwa hiyo daktari hutoa kipande kidogo cha uvimbe, nacho huangaliwa kwa hadubini.

Twatoa mfano wa Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, pande zote mbili. Akaona na wengine kama yeye, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa motakaa pamoja na wenzake wawili mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Wakatambua kwamba ugonjwa huu huonekana zaidi penye joto na mvua nyingi, ndizo nchi za malaria. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein na wenzake waliona kirusi katika chembe za uvimbe huo. Leo yajulikana kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huutengenezea ugonjwa njia.

Saratani hii ni nyepesi kukua: yaweza kuzidi maradufu kwa siku chache. Lakini tiba yake si kisu, bali ni dawa zitiwazo katika mishipa ya damu, nazo zimewaponya watoto wengi, hasa walioletwa mapema wakamaliza dawa zote.

Basi, enyi wazazi, mwonapo meno ya mtoto yalegea kabla ya wakati wake, au shavu au tumbo lavimba bila kupungua, msilikande wala msilichanje. Mpelekeni hospitali upesi. Ikiwa si saratani, mtarudi na moyo mkunjufu. Na ikiwa ndiyo, hamtakuwa mmechelewa.