Kompyuta Ilipovunja Majina Yetu

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Je, mpenzi msomaji, likivunjwa na kompyuta litang'ara vipi?

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kuandaa vyeti vya Chama cha Kiswahili. Majina yalikuwa 42, yote kwa herufi ndogo. Badala ya kuyarekebisha moja moja, nikatumia Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991. Amri yake title() hukuza herufi ya kwanza ya kila neno. Basi nikapanda matatu kutoka Kawangware hadi mjini, nikachapisha vyeti River Road kwa pesa za chama.

Siku ya kuvigawa, mwenzetu Ng'ang'a alitazama chake akanyamaza. Kiliandikwa "Ng'Ang'A". "Wee, huyu ni nani?" akaniuliza. Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kosa lilikuwa wapi? Amri title() ikikuta alama isiyo herufi, hata ritifaa, hudhani neno limekwisha. Herufi inayofuata huikuza. Lakini sisi tunajua ng' ni sauti moja, king'ong'o, na ritifaa haikati neno. Hata mitaa haikuponea: Ng'ando huwa "Ng'Ando", Lang'ata ikawa "Lang'Ata"!

Dawa ni hii. Katika Python hubadilishi herufi ndani ya maandishi yaliyopo, bali unaunda mapya. Kwanza, split() hukata jina penye nafasi tu. Pili, capitalize() hukuza herufi ya kwanza ya kila kipande na kuziacha nyingine ndogo. Tatu, join() huviunga vipande tena. Lakini angalia jina la marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyetuacha mwaka wa 2025. Hiyo "wa" haikuzwi, kwa hivyo tunaichagua na kuiruka:

" ".join(n if n == "wa" else n.capitalize() for n in jina.split())

Nilirudi River Road, nikachapisha cheti kipya kwa pesa zangu za chakula cha mchana. Ng'ang'a alikisoma, akatabasamu: "Sasa huyu ni mimi."

Wanafunzi wenzangu, kompyuta haikuzaliwa ikijua Kiswahili. Hufuata ilivyoagizwa tu. Kabla ya kuchapisha jina la mtu, lisome kwa macho yako mwenyewe, kwani haraka haraka haina baraka.