Jicho Lililotoka Bahari Yetu

Katika Suratul-Haqqah, Mwenyezi Mungu ameapa kwa tunavyoviona na kwa tusivyoviona. Sisi wa Kibarani, ambao taa za bandari hutufifizia nyota, tunaelewa wepesi jinsi macho yetu yalivyo na mpaka. Lakini hata penye giza totoro, yako mengi mbinguni ambayo jicho halikuumbiwa kuyaona.

Miale ya eksirei, ile itumikayo hospitalini kupiga picha za mifupa, hutoka pia mbinguni, penye joto kali mno. Hewa iliyoizunguka dunia huizuia isitufikie. Nayo ni rehema, kwani ingetudhuru. Basi atakaye kuichunguza hana budi kupeleka chombo juu ya hewa.

Setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa kazi hiyo pekee ilirushwa kutoka pwani yetu, tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini kaskazini mwa Malindi. Hapo ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, na setilaiti hiyo ya Marekani ikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa Bi. Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme na mama wa watoto wanne.

Kwa zaidi ya miaka 2, Uhuru iliipekua mbingu, na orodha yake ikafikia vyanzo 339 vya miale. Kimoja, Cygnus X-1, kilimetameta kwa kasi ya ajabu. Wanaastronomia wakaitazama nyota kubwa iliyo mahali hapo, wakakuta inayumbishwa na mwenziwe asiyeonekana. Kwa kuupima mwendo wa nyota, walikadiria uzito wa mwenziwe: mzito mno kuwa nyota iliyokufa ya kawaida. Ni shimo jeusi, ambalo hata mwanga haujinasui humo. Ndivyo tuujuavyo upepo kwa mnazi uyumbao.

Hii ndiyo elimu ya falaki ya vipimo na hesabu, wala si kupiga ramli. Mlango wake mmoja ulifunguliwa hapa petu, chini ya usimamizi wa mwanamke. Basi binti akiuliza habari za nyota, tusimwambie kwamba hayo si ya kwetu wala si ya wasichana. Tuketi naye barazani, tumsimulie habari ya Uhuru, kisha tumhimize hesabu zake.

Mola atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.