Safari za ng'ambo: Ni nani atakayekupokea uwanja wa ndege?

KWA wakazi wa Turkana wanaojiandaa kwenda ng'ambo, mazungumzo ya kabla ya safari huhusu viza, tiketi na uzito wa mizigo. Ni nadra mtu kuuliza swali linaloamua jinsi siku yake ya kwanza ugenini itakavyokuwa: ndege ikishatua, ni nani atakayemtoa uwanjani na kumfikisha mahali atakapolala?

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe, yaani hajifichi. Abiria aliyetoka Lodwar au Kakuma na kusafiri mchana na usiku, akashuka akiwa na simu isiyo na laini ya nchi ile, hutambulika mara tu anapovuka mlango wa ukumbi wa wanaowasili. Wapiga debe humwendea kabla hajajua upande uliko mlango wa kutokea nje. Dawa yake ni kupanga usafiri huo mapema, ama kupitia mwenyeji anayeaminika au kwa kukodi gari kabla ya kuondoka nyumbani.

Mji wa kwanza ni Nairobi

Ugeni wa msafiri wa Turkana huanza kabla hajavuka mpaka wa Kenya. Baadhi ya ndege za abiria zinazotoka Lodwar hutua katika uwanja wa Wilson, ilhali ndege za kwenda ng'ambo huondokea Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi. Viwanja hivyo viwili vimetenganishwa na barabara zenye msongamano mkubwa asubuhi na jioni. Anayetokea Kaaleng au maeneo mengine ya kaskazini hulazimika kwanza kufika Lodwar kwa gari, kisha apande ndege, au asafiri kwa basi kupitia Kitale hadi katikati ya jiji.

Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, yenye urefu wa kilomita 27, imewapunguzia safari wanaokubali kulipa ada yake. Hata hivyo, foleni ya njiani kuifikia haijaondoka. Kwa kuwa mashirika ya ndege hutaka abiria wa kimataifa wafike yapata saa tatu kabla ya kuondoka, ni busara kuacha nafasi ya kutosha kati ya kutua Wilson na kuondoka Embakasi. Ndege ya Lodwar ikichelewa, anayeumia ni mwenye tiketi ya pili.

Kwa mkimbizi anayeishi Kakuma au Kalobeyei, kuna jambo la ziada. Kibali cha kutoka kambini hutolewa na idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, na ni lazima kiwe mkononi kabla ya safari ya kuelekea Nairobi. Bila kibali hicho, safari inaweza kukomea kwenye kizuizi cha polisi barabarani.

Wanaopokewa na mashirika

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, na tangu wakati huo maelfu ya wakazi wake wamehamishiwa nchi nyingine kuanza maisha mapya. Mwishoni mwa mwaka wa 2000 na katika mwaka wa 2001, zaidi ya vijana 3,000 wa Sudan walisafirishwa kutoka Kakuma hadi Marekani. Wengi wao hawakuwa wamewahi kupanda ndege, wala kuishi katika nyumba yenye umeme.

Safari za aina hiyo huratibiwa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Shirika huwasafirisha abiria hadi Nairobi, huwapa mafunzo kuhusu maisha ya huko waendako, na huwakabidhi hati zao ndani ya mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu. Abiria huagizwa kuushika mfuko huo mahali unapoonekana. Una kazi mbili: kuhifadhi karatasi ambazo afisa wa uhamiaji atazihitaji, na kumwezesha mfanyakazi wa shirika katika uwanja wa kubadilishia ndege kumtambua msafiri bila kulazimika kusema lugha yake.

Katika mpango wa Marekani, shirika la kuwapa wakimbizi makazi lilikuwa na wajibu wa kumpokea msafiri uwanjani, kumpeleka katika nyumba iliyokwisha kutayarishwa na kumwekea chakula cha siku hiyo. Nauli ya ndege ilikuwa mkopo usio na riba, uliopaswa kulipwa kidogo kidogo baada ya kufika. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025 kwa amri ya Rais Donald Trump, na miongoni mwa waliokwama ni watu waliokuwa wamekwisha kupangiwa tarehe ya kusafiri.

Kusimamishwa huko kumewaachia matapeli nafasi. Anayekata tamaa huwa mwepesi wa kuamini mtu anayedai kwamba anaweza kumpangia ndege na mapokezi kwa ada. Ieleweke kwamba huduma za Umoja wa Mataifa za kuwahamishia wakimbizi nchi nyingine hazilipiwi. Anayeitisha pesa ili aliingize jina la mtu katika orodha ni mwizi, hata akivaa kitambulisho shingoni.

Wanafunzi wanaokwenda Kanada kupitia mpango wa shirika la WUSC, ulioanza mwaka wa 1978, wana utaratibu wao. Katika kila chuo kipo kikundi cha wanafunzi wenyeji kinachomdhamini mwenzao mkimbizi. Wanachama wake ndio wanaokwenda uwanjani kumpokea, wakamtafutia koti la baridi na kumfungulia akaunti ya benki. Mwanafunzi wa aina hiyo hahitaji kukodi gari. Anachohitaji ni majina na nambari za simu za watu wawili watakaompokea, si mmoja, kwa sababu mmoja anaweza kuugua au kukwama barabarani.

Anayejipangia mwenyewe

Lipo kundi la tatu, nalo halina shirika la kuliongoza: mzazi anayekwenda kumwona mwanawe, mfanyabiashara, mhubiri, mwanariadha aliyealikwa katika mbio, au mwanafunzi anayejilipia karo. Hawa ndio wanaofaidika zaidi na gari lililokodiwa mapema.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Msafiri huiandikia kampuni ya magari, hoteli yake au wakala, akataja tarehe, uwanja, nambari ya ndege, idadi ya watu na mizigo, na anwani kamili ya anakokwenda. Kampuni humjibu kwa kumtajia bei moja ya safari nzima. Dereva hufuatilia mwendo wa ndege kwa kutumia nambari ile, hivyo ndege ikichelewa naye huchelewa kufika. Abiria anapotoka, humkuta amesimama kwenye ukumbi akiwa na kibao chenye jina.

Makosa mengi hutokea kwenye saa na tarehe. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na siku hubadilika saa sita usiku. Ndege iliyoandikwa kwamba itatua saa 00:40 tarehe 12 itafika usiku ule ambao Mswahili angeuita usiku wa kuamkia tarehe 12, saa sita na dakika arobaini. Anayeagiza gari la jioni ya tarehe 12 atakuwa amechelewa karibu siku nzima. Vilevile, saa ya kufika inayoonekana kwenye tiketi ni ya nchi ile, wala si ya Kenya. Njia salama ni kuinakili saa kama ilivyoandikwa, bila kuitafsiri.

Jina nalo huleta utata. Watu wengi wa Turkana, Sudan Kusini na Somalia huitwa nyumbani kwa jina moja huku pasipoti ikiwa na mengine mawili au matatu, tena kwa mpangilio tofauti. Kibao cha dereva kiandikwe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na msafiri alijue kabla hajafika.

Kabla ya kulipa, kuna mambo ya kuuliza waziwazi. Je, bei hiyo inajumuisha ada ya maegesho na ushuru wa barabara? Dereva atangoja kwa muda gani bila malipo ya ziada? Kampuni nyingi huruhusu kati ya nusu saa na saa moja, na foleni ya uhamiaji pekee inaweza kuumaliza muda huo. Je, muda huo huhesabiwa tangu ndege inapotua au tangu saa iliyoagizwa? Kuna kiti cha mtoto? Safari ikiahirishwa, pesa zitarudishwa? Kuuliza si ujinga, na jibu lililoandikwa lina nguvu kuliko la mdomo.

Malipo ya mapema kwa kawaida huhitaji kadi ya benki. Tangu mwaka wa 2022, wateja wa M-Pesa wanaweza pia kupata kadi ya Visa ya kwenye simu na kulipia huduma za ng'ambo kupitia intaneti. Asiye na njia hizo anaweza kumwomba jamaa aliyeko ughaibuni amlipie, au kuchagua kampuni inayokubali kulipwa abiria akifika. Kampuni inayotaka pesa zote zitumwe kwa jina la mtu binafsi haifai kuaminiwa.

Kila jiji na sheria yake

Jijini London, teksi nyeusi ndizo pekee zinazoruhusiwa kusimamishwa barabarani au kupangwa foleni kuwasubiri abiria. Magari mengine ya kukodi, kwa mujibu wa sheria ya 1998, ni lazima yaagizwe mapema kupitia kampuni yenye leseni. Kwa hiyo, mtu anayemfuata abiria ndani ya uwanja wa Heathrow na kumnong'oneza kwamba ana gari la bei nafuu anavunja sheria, na abiria anayekubali huenda asiwe na bima njiani. Heathrow ina majengo manne ya abiria yanayotumika, ambayo ni la 2, 3, 4 na 5, na kusema "Heathrow" bila kutaja nambari ya jengo ni kumpoteza dereva.

New York ina tahadhari kama hiyo dhidi ya madereva wanaonadi ndani ya ukumbi. Safari ya teksi ya manjano kati ya uwanja wa John F. Kennedy na Manhattan ina bei maalumu, iliyopandishwa hadi dola 70 Desemba 2022, bila kuhesabu ushuru wa madaraja, ada nyingine na bahashishi. Bei ya aina hiyo ni kipimo kizuri. Anayeitisha maradufu yake bila sababu anaonyesha nia yake mapema.

Gari la kukodi si jibu la kila safari. Jijini Toronto, treni iliyoanza mwaka wa 2015 humfikisha abiria kutoka uwanja wa Pearson hadi kituo kikuu cha Union kwa dakika 25. Heathrow nayo inahudumiwa na treni za mjini. Kijana mwenye begi moja, anayefika mchana na anayeijua lugha, ataokoa pesa nyingi kwa kupanda treni. Mama mwenye watoto watatu na masanduku sita, anayefika usiku wa manane, hana sababu ya kujaribu.

Mapokezi yenye hatari

Kwa vijana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, swali la anayewapokea ni zito zaidi. Anayemchukua mfanyakazi uwanjani huwa ndiye atakayejua anakoishi, na mara nyingine ndiye huomba pasipoti "aihifadhi". Sheria ya Qatar ya 2015 inamkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, lakini sheria humsaidia anayeijua na mwenye mtu wa kumpigia simu.

Ndiyo maana inafaa kuthibitisha kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Jina la mwajiri, anwani ya nyumba na jina la atakayempokea mfanyakazi viachwe kwa familia kabla hajaondoka, pamoja na nakala ya pasipoti na mkataba. Nambari ya ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh, Doha au Abu Dhabi iandikwe kwenye karatasi. Wakala anayekataa kumtaja atakayempokea mfanyakazi amekwisha kutoa sababu ya kutosha ya kuahirisha safari.

Karatasi hiyo ina manufaa kwa kila msafiri, kwa sababu simu huisha moto na intaneti ya uwanjani hukatika. Iwe na anwani ya anakokwenda kwa lugha ya nchi ile, nambari ya kampuni ya gari, na nambari ya usajili wa gari lenyewe ikiwa imekwisha kutolewa.

Akimfikia dereva, msafiri asianze kwa kujitaja. Amwachie dereva ataje jina la abiria anayemngoja na mahali anapompeleka, kisha alinganishe na kilichoandikwa. Majibu yasipolingana, arudi ndani kwenye dawati la maelezo ya abiria na kuomba kampuni ipigiwe simu. Dereva wa kweli hatakasirishwa na tahadhari hiyo, na mizigo isiingizwe garini kabla ya jambo hilo kuthibitishwa.